Mkimbizi na kibarua wa msimu: tuwatengenezee njia mbili tofauti za kisheria Kigoma na Tabora

MwanaHeru, Kasulu (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Naleta hoja ambayo sisi wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko tunaishi nayo kila msimu wa kilimo, na ambayo ndugu zetu wa Kaliua na Urambo wanaishi nayo kwenye mashamba ya tumbaku, lakini kila tukiijadili hadharani tunaichanganya. Mpaka wetu na Burundi unavukwa na watu wa aina mbili. Yupo anayekimbia kwa sababu anahofia maisha yake, na yupo anayekuja kulima kwa malipo ili mavuno yakiisha arudi kwao. Wote wawili hupita njia zilezile za Mabamba na Manyovu, wote huzungumza Kirundi ambacho Muha yeyote anakielewa bila mkalimani, na wote wakikamatwa mahali wasiporuhusiwa kuwapo huhesabiwa wahamiaji haramu. Mimi nasema kwamba kuwatendea kama watu wa aina moja kunamuumiza mkimbizi, kunamuumiza kibarua, na kunamuumiza mkulima Mtanzania anayewahitaji. Kibarua wa mpakani apewe kibali cha kazi ya msimu, na mkimbizi aruhusiwe kufanya kazi kihalali bila kupoteza hadhi yake ya ukimbizi. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, ukisomwa pamoja na Itifaki yake ya 1967, unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili, dini, uraia, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana hiyo, ukawaingiza wanaokimbia uvamizi kutoka nje, utawala wa kigeni na matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi. Mtu wa namna hiyo harudishwi kwa nguvu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini; ndiyo amri ya kifungu cha 33 cha mkataba wa 1951. Kibarua wa msimu hahitaji ulinzi huo. Anachohitaji ni mkataba wa kazi, ujira unaolipwa kwa wakati, na mahali pa kupeleka malalamiko asipolipwa.

Sasa tazameni kinachotokea njia halali ya kibarua isipokuwapo. Kibarua anavuka kwa maficho, na akibanwa mlango pekee anaouona wazi ni kuomba hifadhi, hata kama hakukimbia chochote. Anayepokea maombi anaanza kuwashuku wote, na shaka hiyo inamwangukia yule aliyekimbia kweli. Upande wa pili, mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta ambaye mgao wake wa chakula haumtoshi anatoka kambini bila kibali kwenda kulima kwa watu, na kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kutoka eneo lililotengwa bila ruhusa ni kosa. Akikamatwa huko shambani, anaonekana ni mhamiaji wa kiuchumi aliyejificha kambini. Hivyo kibarua analazimika kujifanya mkimbizi, na mkimbizi analazimika kuishi kama kibarua wa magendo, kisha tunashangaa kwamba hatuwezi kuwatofautisha.

Njaa ya kambini si maneno ya kutunga. Mwaka 2023 mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa wakimbizi walioko nchini ulipunguzwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2017, mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula ulisimamishwa, na mwaka 2019 masoko ya pamoja, ambamo mkimbizi na mwenyeji walikuwa wakiuziana bidhaa, yakafungwa. Mtu aliyepunguziwa chakula, aliyezuiwa kuuza na aliyekatazwa kutoka, tunamtaka aishi vipi?

Nchi hii ilikwishafanya vizuri zaidi ya hivi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 hawakuwekwa kambini kusubiri unga. Walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo, ambako baadhi ya watu wa Ulyankulu walihamishiwa kwa sababu maji na ardhi havikuwatosha. Walifyeka mapori ya miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yakijitegemea kwa chakula. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, tuzo kubwa ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, sera ilikuwa imekwishageuka. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na hajawahi kuishi mahali pengine.

Na tusijisahau sisi wenyewe. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi mizigo yake mikubwa ilikuwa watu. Chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoitwa SILABU, kilichoundwa mwaka 1944, kilikusanya vijana wa Kasulu na Kibondo, wakiwamo Warundi waliovuka kutafuta kazi, kikawasafirisha hadi Tanga na Morogoro kuwa manamba. Babu zetu walikwenda kuuza nguvu zao mbali kwa mikataba ambayo wengi hawakuweza kuisoma. Sisi tuliozaliwa katika mkoa uliotumiwa hivyo ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba anayekuja kutulimia asitendewe kama walivyotendewa wao.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wakulima wa Tabora na kwa wanaoishi jirani na kambi.

MkulimaKaliua

Mleta mada, umegusa penyewe. Mimi nalima tumbaku ya mvuke na naajiri vibarua kila msimu, wengine kutoka Kigoma, wengine kutoka ng'ambo, na nitasema wazi kwamba si rahisi kuwatofautisha, wala kwa kweli huwa hatuulizi.

Tumbaku inakula watu kuliko zao lolote ninalolijua. Kuna kitalu kabla ya mvua, kuna kupandikiza, kupalilia, kukata vikonyo, kuchuma, kufunga majani kwenye fito na kuyaingiza bani, yaani jengo la kuyakaushia. Bani likishawashwa moto halilali. Kwa muda wa wiki hivi mtu anakesha akichochea kuni na kuangalia joto, kwa sababu joto likizidi au likishuka majani yote yanaharibika na daraja linashuka sokoni. Familia yangu peke yake haiwezi. Nisipopata vibarua, sina zao.

Mkataba wetu ni daftari la shule. Ukurasa wa kushoto naandika jina la kibarua na kiasi tulichokubaliana kwa msimu mzima. Ukurasa wa kulia naandika alichochukua: debe la unga, mche wa sabuni, dawa ya malaria, vocha ya simu, fedha kidogo ya kutuma kwao mtoto akiugua. Mwisho wa msimu tunajumlisha na kutoa. Daftari nakaa nalo mimi, na kibarua hana nakala. Najitahidi kuandika kwa haki, lakini nakiri kwamba hata nikiandika uongo hana pa kwenda, kwa sababu hatua ya kwanza ya kulalamika ni kujitaja yeye ni nani na ametoka wapi.

Wapo wenzetu wanaotumia hofu hiyo. Siku ya malipo ikikaribia, wanapenyeza habari kwamba kwenye shamba lao kuna wageni. Vibarua wanatawanyika usiku, wengine wanashikwa, na deni la msimu mzima linafutika. Sisi wakulima tunawajua wanaofanya hivyo, na tunanyamaza.

Lakini na sisi tueleweni. Mimi nalipwa tumbaku ikishanunuliwa kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao, na malipo ya mnunuzi yakichelewa na mimi nachelewa kumlipa kibarua. Mtu asiye na akiba hawezi kulipa kila mwezi. Kibali cha msimu nakiunga mkono kwa masharti mawili: ada iwe ndogo, na kipatikane wilayani. Mkiniambia niende Dodoma kuomba vibali vya watu sita wa kupalilia, nitaendelea na daftari langu.

MamaMawese, Kibondo

Kaka MwanaHeru, nimekusoma neno kwa neno, na nusu ya kwanza ya hoja yako naipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nauza mawese, dagaa na ndizi kwenye soko la pamoja jirani na Nduta. Wateja wangu wengi walikuwa wakimbizi, na wao waliniuzia mboga na vyombo vya plastiki. Soko lilipofungwa hawakuumia wakimbizi peke yao. Akina mama wengi wa vijiji vya jirani tulibaki na bidhaa mikononi, na mikopo ya vikundi tuliyokuwa tumechukua ikaendelea kudaiwa kila wiki. Wanaosema kwamba wenyeji wa Kibondo tunataka wakimbizi wafungiwe watuulize kwanza sisi.

Nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Hapa kwetu vibarua si wageni tu. Mjane asiye na shamba la kutosha analima kwa watu ili watoto wale, na kijana aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea anafanya hivyo hivyo. Mgeni akija anakubali kulima ngwe kwa bei ambayo mwenyeji hawezi kuishi nayo, kwa sababu yeye fedha hiyo anaipeleka kwao ambako thamani yake ni kubwa zaidi. Mwajiri anamchagua yeye. Ukimpa kibali, je, hutakuwa umehalalisha bei hiyo ya kunyonya, na kutufungia sisi mlango?

Tena kuna kuni. Kambi zimetumaliza miti, na wanawake wa pande zote mbili wanakwenda mbali kutafuta kuni na wanakutana na hatari huko porini ambazo sitazieleza hapa. Sera yoyote ya kazi isiyotaja kuni, visima na madarasa haitawafikia watu wa huku.

MwanaHeru

Dada MamaMawese, nakushukuru, na hoja ya ujira ni nzito kuliko zote zilizotajwa hadi sasa.

Kinachoshusha bei ya ngwe ni ile hali ya mgeni kutoweza kukataa. Mtu anayeweza kukamatwa wakati wowote anapokea chochote anachopewa, na wakati mwingine hapokei kabisa, kama alivyotueleza MkulimaKaliua. Mwajiri anamchagua kwa sababu hawezi kudai. Mpe haki ya kudai, mlazimishe mwajiri amlipe si chini ya kima cha chini cha sekta ya kilimo kilichotangazwa na serikali, na ile faida ya kumchagua yeye badala ya mjane wa kijijini kwako inaondoka. Kibali chenyewe kiandikwe kwamba hakimruhusu mwajiri kulipa chini ya hapo, na atakayekiuka azuiwe kuajiri msimu unaofuata.

Naomba pia tujifunze kwa waliotangulia. Kanada ilianza mpango wa vibarua wa kilimo wa msimu mwaka 1966 kwa makubaliano na Jamaika, na New Zealand ilianza wake mwaka 2007 kwa watu wa visiwa vya Pasifiki. Familia nyingi zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha hizo. Lakini lawama kubwa dhidi ya mipango hiyo ni kwamba kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo kibarua anayenyanyaswa akiondoka anapoteza na haki ya kuwapo nchini. Kwetu kibali kitaje wilaya na aina ya kazi, kisitaje jina la mwenye shamba.

Kuhusu kuni nakubaliana nawe kabisa, na sina la kuongeza.

MzeeUlyankulu

Wanangu, nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, lakini uzi huu unanihusu. Nililetwa nchi hii mwaka 1972 nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Leo ni raia wa Tanzania na nina wajukuu.

Mleta mada ameeleza vizuri kwamba tulipewa ardhi. Ningependa mjue ardhi ilitufanyia nini zaidi ya kutulisha. Mtu mwenye shamba anajulikana na jirani yake. Wanyamwezi waliokuwa kandokando yetu walikuja kununua mahindi, sisi tukanunua kuku kwao, vijana wakaoana, tukazikana. Baba yangu alilipa kodi na michango kama mwanakijiji mwingine. Sasa nawatazama hawa waliofungiwa kambini karibu miaka 30 na najiuliza jirani atawajuaje, ikiwa anawaona kwenye foleni ya mgao tu.

Lakini msituchukulie sisi kama mfano usio na doa. Mwaka 2007 tuliulizwa kama tunataka kurudi Burundi au kuomba uraia, na wengi sana tukachagua kubaki. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Hata hivyo vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na katika miaka ya kusubiri tuliambiwa kwamba tutahamishwa na kusambazwa katika mikoa mingine, kila familia kwake. Sijui kama mnaelewa jambo hilo linavyomfanya mtu. Tuliacha kupanda miembe. Aliyekuwa akifyatua matofali ya nyumba aliyaacha yakalowa mvua. Shule hazikupanuliwa, kwa kuwa nani anajenga darasa mahali ambapo watu watahama? Mwishowe mpango wa kuhamishwa ukaachwa, tukaendelea kukaa tulipo, na watu wakaanza tena kujenga. Miaka ile haikurudi.

Ninachoomba kwa wanaopanga sera hizi ni kwamba wakimwambia mtu jambo, walitimize katika muda unaojulikana. Mkimbizi anaweza kuvumilia jibu gumu. Hawezi kupanga maisha yake juu ya jibu linalobadilika kila baada ya hotuba.

Wakili wa Tabora

Shikamoo Mzee, na ahsante kwa ushuhuda huo.

Nichangie upande wa sheria, kwa sababu mjadala unakwenda kana kwamba kila kitu kianze upya. Kibali cha kazi kwa mkimbizi kipo tayari katika vitabu vyetu. Chini ya utaratibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, vibali vimegawanywa katika madaraja, na daraja E limetengwa kwa ajili ya wakimbizi. Tatizo ni kwamba daraja hilo linakutana na sharti la kukaa kambini. Mtu asiyeruhusiwa kutoka hana namna ya kumfikia mwajiri, kwa hiyo kibali kinabaki kwenye karatasi. Kinachotakiwa hapo ni uamuzi wa kiutawala wa kuunganisha ruhusa ya kutoka na kibali cha kazi, ili mkimbizi mwenye barua ya mwajiri apewe vyote viwili kwa ombi moja.

Kwa kibarua wa msimu hali ni ngumu zaidi. Wengi wanadhani kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu Mrundi kufanya kazi popote kwetu. Sivyo. Kila nchi iliwasilisha orodha ya kazi ilizozifungua, na orodha ya Tanzania imelenga wataalamu wenye vyeti. Mtu wa jembe hayumo. Itifaki hiyo pia inasema kwamba mwendo wa wakimbizi utaongozwa na mikataba ya kimataifa inayohusika, maana yake waandishi wake walikwishatambua tofauti ileile anayoisisitiza mleta mada. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo swali hili sasa linagusa pande mbili za Ziwa Tanganyika.

Niwakumbushe pia kwa nini serikali ilirudi nyuma, maana hoja isiyojibu wasiwasi wa serikali haitasikilizwa. Mwaka 2015, baada ya Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Rais wa Burundi, kutangaza kugombea muhula wa tatu, maelfu kwa maelfu ya watu walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni chenye nafasi finyu kati ya ziwa na milima. Kipindupindu kikalipuka, na meli ya Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini. Januari 2017 Tanzania ikaacha kuwatambua Warundi kwa mkupuo, ikataka kila mmoja apimwe ombi lake, na mwaka 2018 ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliotaka wakimbizi wapewe nafasi zaidi ya kujitegemea, kwa sababu za usalama na kwa sababu fedha zilizoahidiwa hazikuonekana. Sababu ya pili ni ya haki kabisa. Nchi zilizotusifu kwa ukarimu zilituachia mzigo, na Uganda, ambayo sheria yake ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, nayo inalalamika hivyo hivyo.

Sababu ya usalama ndiyo ninayoipinga. Mtu mwenye kibali ana jina, picha na alama za vidole, na anajulikana yuko kata gani. Anayepita vichakani hajulikani.

MwanaHeru

Shikamoo Mzee. Wakili, ahsante, umenisaidia kuipunguza hoja yangu mpaka kwenye yanayoweza kufanyika bila kusubiri Bunge.

Kwa mkimbizi, ombi ni moja kama ulivyosema: barua ya mwajiri izae ruhusa ya kutoka na kibali cha daraja E kwa pamoja, na masoko ya pamoja yafunguliwe kwa siku maalumu chini ya usimamizi. Kwa kibarua, wilaya za mpakani zipewe mamlaka ya kujaribu kibali cha msimu kinachotolewa Manyovu na Mabamba, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, ujira usiopungua kima cha chini, na mkataba wa Kiswahili wenye nakala mbili, moja ikae kwa kibarua. Tabora ianze kupitia AMCOS, kwa kuwa zinawajua wanachama wao kwa majina na ndizo zinazopitisha fedha za mauzo. Ujira wa kibarua ukatwe huko kabla mkulima hajalipwa, kama zinavyokatwa gharama za pembejeo. Hilo litamwondolea pia MkulimaKaliua lawama ya malipo yanapochelewa, maana kila mtu ataona yamechelewa wapi.

Mikutano ya ujirani mwema kati ya viongozi wa Kigoma na wenzao wa Burundi hufanyika, na mara nyingi huzungumzia wizi wa mifugo, silaha na urejeshaji wa wakimbizi. Vibarua wawekwe kwenye ajenda. Kama humu yupo anayehudhuria mikutano hiyo, au diwani wa kata yoyote ya mpakani, naomba anitumie ujumbe. Tutaandika andiko fupi kwa pamoja, na MamaMawese asimamie sehemu ya ujira na kuni.

MamaMawese, Kibondo

Nimekubali. Kwenye ujira nitaanza na bei ya ngwe ya msimu huu, Kibondo na Kakonko, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Wenye takwimu za Kasulu na Buhigwe waziweke hapa hapa, wakitaja kijiji na aina ya zao.